Ukoo wa Nzige

Kiseke, Mwanza
4 Machi 1936

Kwa Karani Josephat Rwiza,
Chumba cha Nyaraka, Dar es Salaam

Ndiyo, bwana karani. Maandishi yote manne niliyaandika mimi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale mjini, dukani kwa Fatehali, maana barua zangu hufikia kwake, na watu walikuwa wengi. Uliponiuliza kama mimi ndiye yule Maige aliyeandika habari za samaki wa ghuba, na za magonjwa ya ng'ombe, na za kuzalisha wanawake, na za nyimbo za matusi za wacheza ngoma, nilikohoa kidogo, nikasema: "Ni mimi. Nani mwingine?" Fatehali akaniletea kiti chenye mgongo. Mzee mmoja muuza tumbaku akanivulia kofia.

Sasa nimerudi nyumbani, kiti kimebaki mjini, na mke wangu ananitazama. Basi nikwambie kweli: nimeandika moja tu. Ile ya matusi. Samaki nawajua wakishafika kwenye sahani. Ng'ombe ninao wawili na wote wanakohoa. Na mambo ya uzazi, mchango wangu huwa ni wa mwanzoni tu, halafu natolewa nje.

Ya samaki ni ya Maige wa Busisi, mpiga kasia anayevusha watu. Ya ng'ombe ni ya Maige wa Misungwi, aliyefariki mwaka jana, na ng'ombe wake wakamlilia kuliko watoto wake. Ya uzazi ni ya Teodora, mkunga wa Usagara, aliyesomeshwa na masista. Maige wake yeye ni jina la baba yake tu. Serikali ilipotangaza kwamba kila mwenyeji anayejua kalamu aandike mambo anayoyajua, kila mtu alikaa kwake akaandika la kwake. Mimi nilisoma misheni madarasa mawili nikafukuzwa kwa kuimba, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda mlima.

Mkiyachapisha, yangu msiyaweke karibu na ya Teodora. Atanipiga.

Maige wa Kiseke


Dar es Salaam
19 Machi 1936

Mzee Maige,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako, na nilicheka mpaka karani mwenzangu akafunga mlango.

Lakini mzee, hapa kuna habari kubwa kuliko unavyodhani. Karatasi za Jimbo la Ziwa zilipofika, nilizipanga kwa kanuni ya chumba hiki: jina la mwisho la mtu ndilo jina la ukoo wake. Basi zenye jina la Maige nikazitia sanduku moja. Bwana Mkubwa wetu akalifungua, akasoma mpaka chakula chake kikapoa. Kisha akaniita: "Josephat, hawa ni ukoo mmoja?" Nikamjibu, "Naam, bwana, ni ukoo mmoja."

Tangu hapo hana usingizi. Anasema Wasukuma wa kawaida hawawezi kuandika hivi, kila mmoja elimu yake. Lazima ukoo wa Maige ulitoka mbali, Misri au Uhabeshi, ukiwa na damu nyingine, ukateremka mpaka ziwani na elimu yake. Ameandika dibaji nzima juu ya safari yenu hiyo. Kitabu kitachapishwa Ulaya, na juu yake patakuwa na jina moja tu: Maandishi ya Ukoo wa Maige.

Wewe ndiwe mkubwa wao aliye hai. Inatakiwa sahihi yako kukubali kwamba ndivyo. Nimeiambatisha karatasi. Ni heshima kubwa, mzee.

Wako mtiifu,
Josephat Rwiza


Kiseke
2 Aprili 1936

Josephat, mla senene,

Marahaba. Kaa chini.

Mimi nilizaliwa mwaka ambao nzige waliifunika nchi hii, wakala mtama mpaka mizizi. Mama yangu alijifungua akiwa na kijinga cha moto mkononi, anawafukiza. Kwetu mtoto hupewa jina la lililotokea alipozaliwa: akija na njaa, njaa, akija safarini, safari. Nzige kwa Kisukuma ni maige. Basi mwaka ule kila kibanda kilitoa Maige wake. Baba yake Teodora alikuwa Maige wa nzige wangu. Nzige wakaondoka, wakarudi nikiwa nachunga ndama, wakatuletea huyo wa Misungwi na huyo wa Busisi, ambaye mama yake Mzinza na uvivu wake ni wa peke yake. Wakaja tena juzi juzi hapa, na sasa Mwanza nzima ina Maige wanaotambaa.

Hatuna babu mmoja. Hatuna kijiji. Hatuna kaburi la pamoja. Tuna wadudu.

Sasa nikuulize. Wewe ni Rwiza. Babu yako naye aliitwa Rwiza? Na baba wa babu? Sidhani. Kwenu Bukoba nako kila mtu ana jina lake, na ukoo unaulizwa kwa mwiko wake na kwa watu wake. Ulilijua hilo kabla hujavaa viatu. Umekaa Dar es Salaam kidogo tu, kanuni ya chumba imekuingia kichwani, kwenu kumekutoka.

Na hiyo Misri! Elimu ya samaki ilitoka kwenye maji ya Busisi, na yule mvivu amelowa kwa ajili yake tangu utoto. Aliyoyaandika yule wa Misungwi aliyapata zizini, viganja vikinuka. Ya Teodora aliyapata kwa wanawake waliomng'ata mkono. Tukisema yalitoka Misri, basi sisi tulikuwa tumelala tu, tunangoja mgeni aje atuambie ng'ombe ana kwato ngapi. Matusi yangu nayo yalitoka Misri? Tulimtukana mshindani wetu wa ngoma hapa hapa Kiseke, na jasho lilikuwa letu.

Sitii sahihi. Karatasi yako ilikuwa laini, nimevutia tumbaku.

Na kwa kuwa mimi ni mwana wa nzige, kumbuka mnavyowakaanga jamaa zangu kila msimu na chumvi. Kesi hiyo nitaileta siku nyingine.

Maige wa Kiseke


Dar es Salaam
20 Aprili 1936

Mzee wangu,

Shikamoo. Umenishika pabaya. Babu yangu hakuitwa Rwiza. Aliitwa jina jingine kabisa, na nilipoisoma barua yako niliona aibu mezani pangu.

Lakini nisikilize. Dibaji imekwisha kupelekwa Ulaya. Bwana Mkubwa amewaandikia rafiki zake wote. Leo nikaseme nilikosea? Kabla ya Jumapili nitakuwa bohari ya Lindi nikihesabu magunia, na nafasi hii wameingoja vijana wengi. Tena Bwana anasema wazi: pasipo ukoo hapana kitabu. Maandishi yote yatarudi sandukuni, yaliwe na mchwa, na huyo marehemu wa Misungwi atakuwa amekufa mara ya pili. Je, si afadhali yasomwe kwa jina lisilo sawasawa kuliko yasisomwe kamwe?

Nakuomba kama mwanao. Bwana anakuja Mwanza mwezi wa sita kwa gari moshi, yeye mwenyewe. Ana chuma cha kupimia pua na vichwa, ili damu yenu iandikwe kwa tarakimu. Mje bomani, mpimwe, utie sahihi, yaishe.

Josephat


Kiseke
3 Mei 1936

Josephat,

Umeomba kama mtoto, nami si jiwe. Mwambie Bwana wako nitakuja. Nitauleta ukoo wa Maige wote, asibaki hata mmoja nyumbani. Akitie mafuta hicho chuma chake.

Maige wa Kiseke


Dar es Salaam
15 Mei 1936

Mzee Maige,

Shikamoo, na ahsante, ahsante sana. Nilipomsomea Bwana maneno yako alisugua mikono, akaagiza chuma kisafishwe. Mimi naachwa hapa kulinda ofisi, lakini moyo wangu utakuwa Mwanza. Nilijua tu kwamba mtu mzima hashindwi kuelewa.

Mwanao,
Josephat


Usagara
24 Juni 1936

Kwa Karani Josephat Rwiza,

Hatujuani. Mimi ndiye Teodora, yule mkunga ambaye karatasi yake unayo. Mzee Maige ameniomba nikueleze yaliyotokea bomani, kwa sababu yeye, kila akianza kuandika, anacheka na kumwaga wino.

Kumbe tangu ulipomwandikia habari za kupimwa pua, mzee yule alikuwa akipeleka ujumbe magulioni. Kila penye gulio ulisikika: kila Maige, mkubwa na mdogo, afike bomani siku ya Bwana wa chuma. Sababu hakusema. Watu walidhani pengine ni chumvi ya bure.

Bwana wako alikuwa amewekewa meza barazani. Wa kwanza akawa mzee mwenyewe. Akapimwa pua, ikaandikwa, Bwana akaonekana ameridhika. Wa pili Maige wa Busisi, mfupi, mpana kama mtumbwi. Bwana akapima mara mbili. Kisha akainua macho.

Uwanja ulikuwa umejaa. Maige wa Magu, Maige mwingine wa Misungwi, si yule marehemu, mapacha wa Nyegezi ambao wote wawili ni Maige kwa kuwa mama yao alichoka. Warefu, weusi, maji ya kunde, mmoja hana pua kabisa, ililiwa na fisi. Askari aliyekuwa akiwapanga mstari akasimama naye kwenye mstari. Bwana Shauri, mkuu wa boma, akamfokea, "Wewe unafanya nini?" Akasema, "Naitwa Maige, bwana, nami nataka kupimwa." Mpishi wa boma akatoka jikoni anapangusa mikono.

Ndipo akaja Fatehali wa dukani, amemshika mkono binti yake Dilshad, na mtoto amefungwa utepe kichwani. Bwana akauliza, "Na huyu je?"

"Huyu pia Maige, sahib," Fatehali akasema. "Amezaliwa nzige wakiwa juu ya bati la nyumba. Yaya wake Msukuma alimpa jina kabla mimi sijampa. Mpaka leo akiitwa Dilshad haitiki."

Bwana wako akakiweka chuma mezani. Alikiweka taratibu, sikumwona kukasirika. Nadhani alikuwa anaitazama dibaji yake ikirudi Misri kwa miguu.

Mzee Maige akamwambia, "Bwana, umepima watoto bure, baba yetu hayupo. Ukimtaka subiri. Atakuja mwenyewe akiruka, na utajua amefika kwa sababu hutakuwa na chakula."

Watu wakaangua kicheko. Hapo Bwana akawa mwekundu. Akauliza, "Ni nani aliyeiambia ofisi yangu kwamba ninyi ni ukoo?" Mimi nilijua kwamba ni wewe, mzee alinionyesha barua zako. Mzee akasema, "Sikumbuki, bwana. Mambo ya ofisi yako unayajua wewe."

Akamwuliza tena, kwa ukali. "Sikumbuki, bwana. Ni uzee. Umo kwenye damu yetu ya Misri."

Sasa nikwambie langu. Nilisogea mbele nikasema sikuja kupimwa pua, nimekuja kuuliza karatasi yangu iko wapi na imeandikwa jina la nani. Bwana akanijibu kwamba pasipo ukoo hapatakuwa na kitabu, na kosa ni letu. Nikamwambia basi pasiwe na kitabu.

Sikusema hivyo kwa kiburi, ingawa nilikuwa nacho. Karatasi ile inaeleza namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kama nilivyoonyeshwa na bibi yangu mzaa baba, na mahali pa kukomesha mkono ukiona hali fulani. Anayeisoma, asipoelewa, lazima ajue wa kumwuliza, maana akibahatisha ataua watu wawili. Mkiandika "ukoo wa Maige" atamwandikia yule mzee wa Kiseke, naye atamjibu kwa wimbo. Baba yangu aliitwa Maige, na hakumzalisha hata mbuzi.

Andika juu ya karatasi yangu: Teodora, mkunga, Usagara. Ikiliwa na mchwa, mchwa na wajue wamemla nani.

Teodora binti Maige


Dar es Salaam
13 Julai 1936

Mzee Maige,

Shikamoo. Barua hii niliianza kwa hasira, nikaichana, nikaianza tena. Nilikuwa najiita mwanao, nawe unanichimbia shimo huku unanichekea! "Nitauleta ukoo wote." Nami nikamsomea Bwana kwa sauti!

Bwana alirudi asubuhi. Akanywa chai yake kwanza. Halafu akaniita, akasema wazee wa Mwanza hawakumbuki ni nani aliyesema habari ya ukoo, je mimi nakumbuka? Mzee, niliuona mlango ulioniachia wazi. Ningeweza kutokea humo, nikasema ni makosa ya posta, ni makosa ya karani aliyehamishwa. Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Ni mimi, bwana. Na babu yangu hakuitwa Rwiza."

Hakuelewa maneno ya mwisho. Lindi sikupelekwa, nadhani kwa kuwa ingembidi aeleze sababu kwa maandishi. Nimeshushwa chumba cha nyuma, kwenye masanduku, hakuna dirisha. Kitabu kimekufa. Dibaji amepiga simu Ulaya irudishwe.

Akaniamuru nilivunje sanduku la Maige. Nimelivunja kwa mikono yangu. Nimetengeneza majalada manne, na juu ya kila moja nimeandika jina la mtu, jina la mama yake nilipolijua, mahali pake na kazi yake. La marehemu wa Misungwi nimeliandika kwa herufi kubwa kuliko yote. Kanuni ya chumba haisemi hivyo. Hakuna anayeshuka huku kuangalia.

Juzi lakini ameshuka mtu. Daktari wa hospitali, kijana, ametumwa kutafuta habari za uzazi wa bara. Akaisoma ya Teodora akiwa amesimama. Akaomba kuinakili. Nikamwambia ruhusa, ila aanze na jina. Akaliandika mbele yangu, na ameniuliza posta ya Usagara inapitia wapi.

Yako, mzee, haijaombwa na daktari yeyote. Lakini makarani wote wameisoma. Ule wimbo wa ukurasa wa mwisho, wa mwanamke anayekoroma mpaka kiboko anamwitikia kutoka ziwani, tunauimba tukifunga ofisi. Umefika bandarini. Jana nimeusikia kwa wapakizi wa gari moshi.

Ni mimi, niliye gizani lakini nalala vizuri,
Josephat


Kiseke
30 Julai 1936

Josephat, mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba, mara nyingi.

Kitabu kimekufa? Tumekizika bila matanga. Nilimpelekea habari Maige wa Busisi, akasema "eh," akaendelea kupiga kasia. Watoto wa yule wa Misungwi niliwaambia jina la baba yao liko Dar es Salaam kwa herufi kubwa, kila herufi kama fahali, wakachinja. Mimi nilikula mguu. Teodora amepata barua ya daktari. Hakuniambia chochote, ila amepita hapa na viatu, na siku yenyewe haikuwa ya kanisani. Hebu Bwana wako apande tena gari moshi aje atuambie tumetoka wapi. Tutampa kiti, tutampa maziwa, na tutamwonyesha matunda ya nzige waliokuja juzi, wengine bado hawajaota meno. Watakapojua kalamu atakoma.

Na wewe umejitaja mwenyewe wakati mlango uko wazi. Mjinga wewe. Nilifurahi sana.

Sasa fungua mlango wa chumba chako, uangalie kama kuna mtu, kisha urudi.

Huo wimbo wa kiboko. Nilipouandika nilifikiri unakwenda Dar es Salaam, na Dar es Salaam ni mbali. Sikufikiri makarani wana midomo. Yule mwanamke niliyemtaja humo, jina lake na kijiji chake, sitaliandika hapa kwa sababu ni mwiko kulitamka: ndiye mama wa mke wangu. Kwetu, mbele ya mkwe hata kutafuna ni aibu, nikimwona njiani naingia porini na uzee wangu huu. Wimbo niliutunga kabla sijamwoa binti yake, nikiwa mshindani wa ngoma ya kwao, na wakati ule ulikuwa halali kabisa, na kukoroma kwake nilikusikia kwa masikio yangu. Lakini wapakizi wa gari moshi wanafika Mwanza, Josephat! Na mjukuu wake, Justa, amejua kusoma mwaka huu, na anakusudiwa kwenda shule huko huko Dar es Salaam.

Bwana Shauri sikumwogopa. Mtu wa chuma sikumwogopa. Huyu mama akija hapa na kibuyu chake kunilaani, nitalala ziwani.

Mara mbili niliulizwa bomani ni nani aliyesema ukoo, na mara mbili sikukumbuka. Hilo unalijua, na silisemi zaidi. Basi chukua kalamu, shuka mpaka ukurasa wa mwisho. Maige wote niliwapigania waandikwe. Huyu mmoja nakuomba umfute. Jina tu na kijiji. Kukoroma kubaki, kiboko abaki.

Na utie wino mzito. Yule mama macho yake bado ni mazima.

Maige wa Kiseke